Sindano za mgongo Ujerumani: soma kabla ya kusaini

Tangu Januari 2007 bima ya umma Ujerumani inalipia akupancha, yaani tiba ya kuchomwa sindano nyembamba, kwa maumivu sugu ya kiuno, lakini wenzetu tunaoishi huku bado wanatoa pesa mfukoni. Kinachowaponza ni karatasi moja ya mapokezi.

Nyumbani tumezoea: unalipa dirishani, unachukua risiti, bima inakurudishia baadaye. Huku sahau. Krankenkasse, yaani bima ya afya, humlipa daktari kupitia kadi yako. Ukisaini karatasi yenye neno Privatleistung (huduma binafsi) au Selbstzahler (anayejilipia), umekubali kujilipia, na risiti haitakusaidia. Ukiliona neno hilo, weka kalamu chini. Dada wa mapokezi akikuhimiza kwa tabasamu, bado weka kalamu chini.

Kabla ya kwenda, piga simu uulize: „Rechnen Sie Akupunktur mit der Krankenkasse ab?“, yaani „Je, akupancha mnaitoza bima?“ Jibu liwe ndiyo, bila „lakini“. Daktari lazima awe na kibali cha kutoza bima kwa huduma hiyo; orodha utaipata kwa Krankenkasse yako. Heilpraktiker, yaani mtoa tiba mbadala, si daktari, hata kama ukutani kwake pana vyeti kumi, na bima ya umma haimlipi kwa sindano hizi. Narudia: haimlipi.

Mtego wa pili ni ukimya wetu. Bima inataka maumivu ya kiuno yaliyodumu angalau miezi 6. Wauguzi na walezi wa wazee, wanaonyanyua watu zamu nzima, hujichua kwa mafuta ya karafuu na kunyamaza. Mjerumani huamini faili kuliko kilio. Maumivu yasiyoandikwa kwake ni kama hayapo. Tabia hiyo inachosha, lakini ukiijua inakulinda. Kiuno kikianza tu, nenda kwa Hausarzt, daktari wako wa kawaida, aandike maumivu hayo, pamoja na tarehe.

Eleza pia maumivu yanafika wapi. Yakishuka mguuni yasivuke goti. Yanayoteremka hadi unyayoni huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa, nayo hayamo katika mpango huu. Shingo haimo, kipandauso hakimo. Kingine kinacholipiwa ni goti lililosagika.

Unapata hadi vipindi 10 ndani ya wiki 6. Daktari akiwa na sababu ya msingi, 15 ndani ya wiki 12. Kisha unangoja miezi 12 kabla ya kuanza tena. Kwa hiyo panga miadi yote siku moja, ukiwa na ratiba ya zamu mkononi, la sivyo wiki 6 zitaisha umehudhuria mara nne.

Kwenye kitanda unalala kifudifudi kama nusu saa, na sindano 14 hadi 20. Ni nyembamba, hazina dawa ndani, hutumika mara moja na kutupwa. (Shangazi akiuliza kwenye simu umechomwa dawa gani, mwambie hakuna dawa.) Uzito au ganzi kidogo ni kawaida, ukihisi kama shoti ya umeme, sema hapo hapo. Usiende na njaa baada ya zamu ya usiku, kizunguzungu kitakuangusha. Taja ujauzito na dawa za kuzuia damu kuganda.

Atokee mtu anayeuza „vituo vya siri“, yaani sehemu maalumu za mwili za kuchoma sindano, kwa bei ya juu, mkatalie. Katika utafiti mkubwa wa Ujerumani wa 2007, wenye wagonjwa 1,162, kati ya waliochomwa kwenye vituo vya jadi ya Kichina asilimia 47.6 walipata nafuu, na kati ya waliochomwa juujuu nje ya vituo hivyo asilimia 44.2. Kati ya waliopewa matibabu ya kawaida ni asilimia 27.4. Sindano zinasaidia, siri haifai kulipiwa.

Ndugu, msimwambie mama aje na mgongo wake wa miaka kumi „atibiwe Ulaya“. Bima ya viza ya matembezi ni ya dharura, na kiuno cha zamani si dharura.

Dharura ni hii: ganzi kati ya mapaja, mkojo unaokataa kutoka au unaotoka wenyewe, mguu unaolegea ghafla. Hapo usingoje miadi ya sindano, piga 112, namba ya dharura.