Sampuli ya utafiti wa unesi: unaichaguaje na utajuaje imekaa vizuri

Kabla hujaanza kupiga hesabu za sampuli (wale wachache unaowachagua wawakilishe wote) jiulize kwanza, kwa njia yangu hii ni nani hawezi kabisa kuingia? Chukulia unataka kujua kwa nini wagonjwa wa presha wanaacha dawa, halafu unaenda kukaa na madodoso yako kliniki ya presha. Wale kwenye foleni ndio wanaokuja, walioacha wako nyumbani, kwa hiyo hata ukijaza madodoso elfu mbili jibu limeshapinda toka mwanzo na hakuna takwimu ya kulinyoosha. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia na inaniuma kwa sababu wanakuwa wamefanya kazi kubwa kweli.

Kama utafiti ni wa kiidadi (unaotoa jibu kwa namba), anza na rejista ya wote walioandikishwa, tuseme mwaka mzima, waliopotea nao wamo humo. Ukitumia uhakika wa asilimia 95, kosa (jibu kupishana na ukweli juu au chini) la asilimia 5 na kadirio kwamba walioacha ni asilimia 50 (ndo linalotumika kama hujui hali ikoje) fomula inakupa watu 385, lakini kama rejista yote ina watu 600 unapunguza, 385 gawanya kwa 1 + 384/600, inakuja 235. Kuna watakaokataa au usiowapata, ukikadiria asilimia 10 gawanya 235 kwa 0.9, kwa hiyo unawatafuta 262. Halafu kompyuta ndo ichague majina, sio wewe, maana mkono wako utaenda kwa wanaofikika kirahisi. Na hii hesabu ni ya kukadiria kiwango tu, yaani ni asilimia ngapi wameacha, kama unalinganisha makundi mawili hesabu yake ni nyingine kabisa, mtafute mtu wa takwimu mapema kabla ya kukusanya chochote.

Utafiti wa kimaelezo (wa kuhoji watu kwa kina) hauhitaji hayo, na tafadhali usiombe radhi eti watu wako ni wachache. Unachagua kwa makusudi wenye cha kusema: aliyeacha mwezi wa kwanza, aliyeacha baada ya miaka, aliyeacha akarudi, na yule ambaye hajawahi kuacha hata siku moja, huyo wengi wanamsahau na ndiye anayekuonyesha kama maelezo yako yanashika. Idadi? Mtafiti Guest na wenzake mwaka 2006 walichambua interviu 60 wakaona mada nyingi zilishajitokeza ndani ya 12 za kwanza, ila walikuwa watu wa kundi linalofanana wakiulizwa maswali yaleyale, kwa hiyo usiibebe 12 kama sheria. Chambua huku unaendelea kuhoji, ukiona interviu mbili tatu mfululizo hazileti jipya, tafuta kwanza mtu wa aina ambayo hujamgusa ndo uamue kuacha.

Ukisoma utafiti wa mwenzio, nenda moja kwa moja pale wanaposema waliombwa wangapi, wakakubali wangapi, wakaishia wangapi, na waliokataa wanafananaje na waliobaki. Kama haijaandikwa, shusha imani yako. Kwenye wa kimaelezo usitosheke na sentensi ya "tulifikia ukomo wa taarifa mpya", angalia wamesema waliujuaje huo ukomo, nani aliwatafuta washiriki na je ni nesi anayewahudumia, maana mgonjwa anayeogopa kumuudhi nesi wake atakwambia dawa anameza kila siku.