Jinsi ya kukusanya noti zetu za zamani, hatua kwa hatua

Mwisho wa kuzibadilisha Benki Kuu ya Tanzania ulikuwa tarehe 5 Aprili 2025. Tangu hapo, noti za kuanzia shilingi 20 hadi 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na jero (noti ya shilingi 500) la Karume la 2010, hazinunui hata kiberiti. Zilizosahaulika kwenye masanduku ya bibi zetu huku Bahi na Kongwa, mkoani Dodoma, zitaishia jikoni kuwashia moto. Anza sasa.

Hatua ya 1: Anzia kwa wazee wa kwenu. Ukipewa noti, uliza ilihifadhiwa kwa ajili gani, uandike. Ukinunua, mwambie mwenye nayo ukweli kuhusu bei yake.

Hatua ya 2: Tenganisha kwa picha. Nyerere yupo tangu 1966, Benki Kuu ilipotoa noti zake za kwanza: 5, 10, 20 na 100. Mwinyi akafuata miaka ya 1980, kisha twiga mwaka 1997. Mwaka 2003 ndipo lilipokuja jero la nyati, simba kwenye elfu mbili, faru kwenye elfu tano na tembo kwenye msimbazi, yaani elfu kumi.

Hatua ya 3: Soma saini. Hapa ndipo penye utamu. Noti hizi hazikuandikwa mwaka, kwa hiyo saini ya gavana ndiyo kalenda yako. Mtei aliongoza hadi 1974, Nyirabu hadi 1989, Rutihinda hadi 1993, Rashidi hadi 1998, Ballali hadi 2008. Noti mbili zenye picha ileile zikitofautiana saini, weka zote mbili. Chukua kioo cha kukuzia, kaa dirishani asubuhi, fuata mkunjo wa wino juu ya neno GAVANA. Ukishaizoea saini moja, utaitambua hata kwenye noti iliyochakaa.

Hatua ya 4: Hifadhi. Usioshe noti, usiipige pasi, usiibandike gundi ya karatasi. Mimi niliweka twiga wawili kwenye plastiki laini ya bei rahisi yenye harufu kali. Joto la Oktoba likawanatisha, na nilipowabandua wino ukabaki kwenye plastiki. Bado naumia. Tumia plastiki ngumu isiyonuka, noti moja kila mfuko, na albamu ikae kabatini, mbali na vumbi letu na mchwa. Maelezo yaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si juu ya noti.