SOMO: Tripodi isiyotikisika kwa kamera kubwa za filamu (4x5)

Wakuu salama? Niliahidi somo la tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kwa mnaopiga filamu ya inchi 4 kwa 5, zile kamera za mvukuto (ile sehemu ya kukunjana kati ya lenzi na filamu) na kitambaa cheusi kichwani. Nianze na aibu yangu, nilienda ufukweni Bagamoyo na kitripodi cha kaboni chepesi, lenzi nimeibana mpaka f/32 (tundu dogo sana la mwanga), shata ikakaa wazi sekunde 2, kusi inavuma, filamu sita zote zikatoka na ukungu wa mtikisiko. Ule mvukuto ukishika upepo ni tanga kabisa.

1. Pima mzigo wako wote kwanza, kilo 3 au 4 ni kawaida. Muuzaji akikwambia inabeba kilo 8 usifurahi, hapo anakwambia haitavunjika, hajakwambia haitacheza.

2. Shika bamba la juu ulinyonge kama unafungua mfuniko wa chupa. Likicheza irudishe hapohapo dukani.

3. Ile nguzo ya katikati usiipandishe. Ukiipandisha kamera inasimama kwa mguu mmoja, ile mitatu inabaki pambo.

4. Sasa penyewe: tafuta tripodi ya masavea (wapima ardhi), ya mbao, iliyotumika. Ina ncha za chuma unazikanyaga zinazama ardhini, na mbao inameza mtikisiko kuliko alumini. Shida skrubu yake ni inchi 5/8 na kamera zetu ni 3/8 au 1/4, kwahiyo nenda kwa fundi mkereza vyuma akuchongee adapta. Kichwa, yaani kile kinachoshika na kugeuza kamera juu ya tripodi, weka cha mikono mitatu, cha gololi ukikilegeza tu kamera nzito inainama na kukubana vidole.

MASWALI

– Mkuu mi napiga ndani ya majumba Mji Mkongwe, hizo ncha si zitateleza sakafuni?
– Zitateleza, miguu itatanuka na kamera chini. Zungushia kamba miguu yote mitatu au tandika kipande cha zulia.

– Nikining'iniza begi la mawe je?
– Likibembea na upepo umeongeza tatizo. Lishushe mpaka liguse chini.

– Na mchangani?
– Didimiza mpaka igome. Ila maji yakifika miguuni hama, mchanga unaliwa chini ya ncha we ukiwa ndani ya kitambaa huoni kitu.

– Uzito wake? Mi mtu wa daladala.
– Yangu kilo 6 na ushee. Konda atakudai nauli ya watu wawili, mlipe tu.