Kabla hujaongeza mkopo wa nyumba yako ya Mombasa ili kulipa madeni mengine

Mtu wa Mombasa anayefanya kazi Doha, Jeddah, Leicester au Minneapolis mara nyingi hubeba madeni ya pande mbili. Huku nyumbani kuna mkopo wa nyumba ya Nyali au fleti ya Bamburi. Huko aliko kuna kadi ya benki, na katikati kuna mkopo wa Sacco uliochukuliwa kumsomesha mdogo wake, michango ya matibabu na mazishi, pengine na mikopo ya simu. Yakimlemea, humjia wazo la kwenda kwa benki iliyoshika hati ya nyumba na kuiambia: niongezeeni, niwalipe hawa wote, nibaki na deni moja.

Wazo lenyewe si baya, na benki yako inaweza kukubali upesi kwa sababu nyumba ndiyo dhamana. Hesabu, hata hivyo, ifanye wewe mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Chukua deni la shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 18, lililobakisha miaka 3. Unalipa kama shilingi 36,150 kwa mwezi, na hadi umalize utakuwa umetoa riba ya takriban 301,000. Sasa lihamishie kwenye mkopo wa nyumba wenye riba ya asilimia 14 na miaka 15 mbele yake. Malipo yanashuka hadi karibu 13,300 kwa mwezi na roho inatulia. Lakini ukifika mwisho, deni lile lile limekugharimu riba ya karibu milioni 1.4. Kiwango cha riba kimeshuka, na bado umelipa riba zaidi ya mara nne. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumia, kwa kuwa benki hukuonyesha malipo ya mwezi na wewe huulizi jumla.

Faida ipo ukihamisha deni bila kulirefusha. Milioni ile ile kwa asilimia 14, ukiilipa kwa miaka 3, ni kama 34,200 kwa mwezi, na riba yote ni karibu 230,000. Umeokoa kama 70,000. Humo utoe ada ya wakili, ya mthamini na ya benki yenyewe. Ushuru wa stempu kwenye rehani ni asilimia 0.1 tu, yaani shilingi 1,000 kwa milioni. Wakili na mthamini ndio wanaouma. Omba gharama zote kwa maandishi. Zikikaribia hizo 70,000, acha nyumba ilivyo, uombe Sacco au benki iliyokukopesha ikupangie upya mkopo wao. Zikiwa ndogo, iambie benki nyongeza iwe na akaunti yake na muda wake wa miaka 3, isichanganywe na mkopo wa zamani. Ulizia pia kama kuna faini ya kulipa kabla ya wakati.

Wakati huo huo, zungumzia riba ya mkopo wa zamani. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, kisha tangu Agosti mwaka huo ikaanza kukishusha hatua kwa hatua. Kama barua yako ya mkopo inasema riba hubadilika, uliza yako imeshuka kiasi gani tangu hapo. Nenda kwenye mazungumzo hayo ukiwa na ofa ya maandishi kutoka benki nyingine. Anayebembeleza mikono mitupu hujibiwa kwa adabu, basi.

Kwa aliye nje kuna jambo la sarafu. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu 129. Malipo ya shilingi 80,000 kwa mwezi yalikuwa dola 500, yakawa dola 620, na mshahara haukuongezwa hata senti. Pigia hesabu yako kiwango kibaya kwako, usitumie cha leo.

Kadi ya benki ya Uingereza au Marekani mimi singeiwekea rehani nyumba ya Mombasa haraka hivyo, hata kama riba yake ni kubwa. Kwa kawaida deni la kadi halijafungwa kwenye nyumba, ukilihamisha, umelifunga. Walioko Uingereza wanaweza kwanza kuzungumza na StepChange, shirika la hisani linalotoa ushauri wa madeni bure. Ghuba ni habari nyingine: deni la benki lisilolipwa huko laweza kukuletea marufuku ya kusafiri, kwa hivyo huko kumaliza kwanza kuna maana.

Wasiotaka riba, na Mombasa ni wengi, wana njia kama ya Gulf African Bank, ambapo benki na mteja humiliki nyumba kwa ubia na mteja hununua fungu la benki kidogo kidogo huku akilipa kodi ya pango kwa fungu hilo. Chini ya mkataba wa namna hiyo huwezi kuongeza pesa juu ya deni tu. Huhitajika mkataba mpya wenye mali ndani yake. Omba kuuona mkataba na uamuzi wa bodi yao ya sharia, usiridhike na maneno ya dirishani.

Nyumba za mitaa ya zamani zina shida yao. Majengo na sehemu za Kisauni watu wengi wanamiliki nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unalipa kodi ya kiwanja. Usitegemee benki kuishika nyumba kama hiyo. Vivyo hivyo kwa nyumba ya familia ambayo hati ingali kwa jina la marehemu babu. Hiyo ianze na mirathi, kwa Waislamu katika Mahakama ya Kadhi, na warithi wote wajue unachokusudia.

Kama hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inasema rehani haisimami bila ridhaa ya mume au mke. Mwambie mapema. Mkeo asije akasikia habari hizi kutoka kwa karani wa wakili.

Usipoweza kuja, utahitaji hati ya uwakilishi wa kisheria, ile inayomruhusu mtu atie sahihi kwa niaba yako. Itie sahihi mbele ya mthibitishaji wa umma au kwenye ubalozi wa Kenya, na itaje jambo moja tu: rehani hii, nyumba hii, kiasi hiki. Hati ya kumruhusu kaka afanye "mambo yote ya mali yangu" imevunja udugu wa watu waliopendana kwa dhati. Pesa za nyongeza nazo zisipitie kwa mtu. Benki iwalipe wanaokudai moja kwa moja.

Kama tayari umekosa malipo, piga simu leo. Sheria inaitaka benki ikupe notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye hutoa siku 45. Ni muda wa kutosha kuzungumza, lakini notisi zinatumwa kwenye anwani uliyoandika zamani. Wapo ambao barua zao zimelala kwenye sanduku la posta ambalo hakuna anayelifungua. Badilisha anwani, ongeza barua pepe, na uombe risiti ya mabadiliko hayo. Ujue pia kwamba mkopo ukishahesabiwa haulipiki, Sheria ya Benki hairuhusu riba izidi kiasi cha deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Wakili akague hesabu ya benki kwa jicho hilo.

Madeni yakilipwa, dai barua ya kumaliza deni kutoka kwa kila aliyekuwa akikudai, ufunge kadi na akaunti ya mkopo wa simu, kisha baada ya mwezi hivi uombe ripoti yako ya CRB, yaani ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Moja kwa mwaka ni bure. Jina likiwa bado linaonekana na deni, zile barua ndizo utakazowapelekea.