Waandikie 1, 2, 4, kisha nyamaza

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Ngamiani, Tanga, na hii nimeing'amua wiki iliyopita. Ukitaka kujua kama mwanafunzi anatofautisha x² na 2ˣ, usianze na grafu; grafu wanakariri. Andika ubaoni 1, 2, 4, uliza: inayofuata ni ngapi, na kwa nini? Wengi watakurupuka: 8! Utamu uko hapo, maana 7 nayo ni sahihi. Wa 8 anazidisha kwa 2 kila hatua, yaani x imekaa juu kama kipeo. Wa 7 anaongeza 1, 2, 3. Nyongeza yenyewe inapanda kwa 1 kila mara, na hiyo ndiyo alama ya kwadratiki, yaani familia ya x². Aliyeelewa atatetea zote mbili bila jasho. Mimi jibu silisahihishi, nasikiliza sababu tu. Kipimo kinakufa pale hatua za x zisipolingana (mfano 0, 1, 3 badala ya 0, 1, 2). Tena 2ˣ + 3 hutoa 4, 5, 7, 11: ukigawanya kila namba kwa iliyoitangulia hupati kitu, gawanya hivyo tofauti zake (1, 2, 4), utapata 2 kila mara. Wakishaizoea, badilisha namba.