Ukitaka kuchora ombaomba kama wa Callot, anzia kwa fundi wa sufuria

Jacques Callot, mchoraji wa picha za kuchapa kwa bati, alizaliwa Nancy, Ufaransa ya leo, 1592, akaenda Florence, Italia, kuchorea watawala wa huko, akina Medici, sherehe zao, magari ya maonyesho ya ajabu ajabu, wapanda farasi uwanja mzima, halafu mtawala wao Cosimo II akafa 1621, jamaa akarudi kwao na muda si muda akachora ombaomba 25, wengi wako peke yao na nyuma hakuna kitu. Mkono ni uleule. Na hiyo kazi, kuchora juu ya bati, dawa ile mistari, halafu uchape kwa karatasi, unaweza jaribu hapa Kisumu bila studio.

Bati kwanza. Shaba achana nayo, bei itakukatisha tamaa, enda soko la Kibuye kwa fundi wa sufuria akupee kipande cha alumini kilichobaki, saizi ya simu hivi, maana ata ombaomba wa Callot ni kama sentimita 14 kwa 9 tu. Wangu alinicheka lakini akanipea. Piga msasa laini, osha na sabuni, paka rangi ya lami iliyopunguzwa na tapentaini, nyembamba, nyuma pia, ilale usiku ikauke.

Kalamu ni msumari, noa ncha mshazari kwa jiwe. Callot alikuwa na chuma cha namna hiyo, ukikizungusha mstari unanenepa na kukonda. Usichimbe bati, kwangua lami tu. Maandishi andika kinyume, maana kuchapa kunayageuza: ombaomba wake wa kwanza ana bendera ya "Capitano de Baroni", yaani mkuu wa wahuni, hiyo yote aliiandika kutoka kulia!

Sasa dawa ya kula bati pale ulipokwangua. Mrututu, yale mawe ya bluu ya agroveti, gramu 75, chumvi gramu 75, maji lita moja, beseni iwe ya plastiki. Fanyia nje, vaa glavu na miwani, jiko liwe mbali kwa sababu inatoa gesi ya kushika moto. Utaona tope jekundu likijaa kwa mistari, fagia polepole na unyoya wa kuku.

Hapa ndio kazi yenyewe iko. Tumbukiza bati dakika moja, toa, osha, kausha, watu wa mbali wafunike na kyutex ya kucha, rudisha, dakika ingine funika wa katikati, wa mbele wakae hadi mwisho ndio wanene. Hivyo ndivyo Callot alijaza watu zaidi ya elfu kwa ile picha ya soko la Impruneta, 1620, na bado unajua nani yuko karibu. Ukichora ombaomba mmoja, funika uso mapema, matambara yaachie yaliwe. Na usipokee simu, mimi nilipokea, kurudi nikapata mkongojo na mguu vimekuwa shimo moja.

Kuchapa: toa lami na tapentaini, sugulia wino mzito wa mafuta, futa na kitambaa mpaka ubaki ndani ya mistari peke yake, weka karatasi nzito iliyolowa. Niliitamani mashine ya juisi ya miwa pale steji inikandamizie lakini magurudumu yake yana meno, basi ni kusugua karatasi na mgongo wa kijiko na mkono kuuma.

Ile dawa ikichoka usimwage mtaroni, mitaro yetu inaenda ziwani na mrututu unaua samaki. Tia magadi kidogo kidogo mpaka povu liishe, liache litulie, tope lifunge kwa karatasi ya plastiki utupe na takataka.