Nyonga imeharibika: namna ya kusoma picha hadi upate chanzo

Ripoti nyingi zinazonifikia zimeandikwa "nyonga imesagika", basi. Daktari akisoma hivyo hajui kama amwanzishie mgonjwa dawa za TB, ampeleke kubadilishiwa nyonga, au amwambie apunguze uzito. Ufuatao ni mpangilio ninaoutumia kazini. Ni wa wenzangu wa chumba cha eksirei na matabibu wa wilayani.

Hatua ya 1: Soma fomu kabla ya picha

Tafuta umri, selimundu, matumizi ya muda mrefu ya steroidi, pombe nyingi, ajali ya zamani, homa. Fomu ikiwa tupu (na mara nyingi ni tupu), muulize mgonjwa akiwa bado mezani. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anayechechemea bila homa huenda ana ugonjwa wa Perthes (kichwa cha paja cha mtoto hukosa damu), ila apimwe selimundu kwanza, maana kwenye picha magonjwa haya mawili hufanana mno. Kijana anayebalehe, hasa mnene, mwangalie kama kichwa cha paja kimeteleza kutoka kwenye shingo yake.

Hatua ya 2: Piga picha mbili

Ya kwanza ni ya fupanyonga zima kutoka mbele, miguu ikigeuzwa ndani kama nyuzi 15 ili shingo ya paja isionekane fupi. Ya pili ni ya mkao wa chura, magoti yamekunjwa na mapaja yamefunguliwa. Ukishuku mfupa umevunjika, usimkunje mgonjwa hivyo. Hata kama fomu inasema "nyonga ya kulia", zote mbili ziingie: kichwa cha paja kinapokufa kwa kukosa damu kutokana na selimundu au steroidi, upande wa pili huwa mgonjwa mara nyingi, hata kabla haujauma.

Hatua ya 3: Kipi kilianza kuharibika, nafasi ya kiungo au kichwa?

Nafasi ya kiungo ni uwazi unaoonekana kati ya mifupa miwili, ambao kwa kweli umejaa gegedu. Kwangu hili ndilo swali kubwa, na picha za zamani za mgonjwa zitakusaidia kulijibu.

Nafasi imepungua zaidi sehemu ya juu inayobeba uzito, kingo zimeota vinundu vya mfupa, na mfupa wa chini ya gegedu umekuwa mweupe na wenye vishimo: huo ni uchakavu wa kiungo.

Kichwa kimebonyea lakini nafasi bado ni pana: fikiria kifo cha mfupa. Gegedu hulishwa na ute wa kiungo, kwa hiyo hubaki hai wakati mfupa ulio chini yake umekwisha kufa. Baadaye kikombe cha fupanyonga kinachokishika kichwa nacho huchakaa, na hapo bila picha za zamani utata ni mkubwa.

Mfupa kuzunguka kiungo umefifia, kingo zimelika, nafasi inapungua polepole kwa miezi: fikiria TB. Nafasi ikipotea ndani ya siku au wiki chache na mgonjwa ana homa kali, ni usaha wa bakteria wa kawaida. Hiyo ni dharura. Ultrasaundi ioneshe maji yaliko, yavutwe kwa sindano yapimwe.

Hatua ya 4: Tafuta ufa chini ya uso wa kichwa

Kuza picha ya mkao wa chura, kisha fuata ukingo wa kichwa kutoka mbele kwenda juu. Mstari mweusi, mwembamba kama hilali, sambamba na uso wa mfupa, unaonesha mfupa mfu umeanza kuporomoka. Kwenye picha ya mbele mara nyingi hauonekani kabisa.

Hatua ya 5: Eksirei safi, maumivu yapo: omba MRI

Kifo cha mfupa cha mapema hakionekani kwenye eksirei. Kwenye T1 (aina ya picha ya MRI ambayo mafuta hung'aa) utaona utepe mweusi umezingira eneo ambalo ndani yake mafuta ya uboho bado yanang'aa. Kwenye T2 (aina ambayo maji hung'aa) mistari miwili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, imekwenda pamoja. Ukikuta uvimbe wa uboho umeenea kichwani na shingoni bila utepe wowote, hasa kwa mjamzito wa miezi ya mwisho au mwanamume wa makamo, yawezekana ni udhaifu wa muda wa mfupa, ambao kwa kawaida hupona wenyewe kwa miezi kadhaa. Apunguziwe kubeba uzito kwenye mguu huo, na picha irudiwe.

Mgonjwa wa selimundu mwenye homa ana shida yake: mfupa uliokosa damu na mfupa wenye maambukizi vyote huvimba uboho, na hata MRI huweza kushindwa kuvitenganisha. Andika hivyo wazi kwenye ripoti, na upendekeze damu ioteshwe maabara kutafuta bakteria na majimaji ya kiungo yavutwe, ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki.